Tumbo Langu Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Nimeambiwa niandike. Kila ninachokula, saa ninayokula, na tumbo limesema nini baadaye. Basi naandika. Asubuhi: mayai, mkate, chai ya maziwa. Tumbo: limenuna. Saa nne limeanza kuzungumza mbele ya mteja. Nikaburuta kiti kwa nguvu ili kulifunika.

Daktari ni kijana. Ana sauti ya mtu aliyelala vizuri. Amepima damu, amepima choo, amenibonyeza kila pembe. Hakuna mdudu, hakuna kidonda. Anasema utumbo wangu ni mwepesi kukasirika, basi. Ukiguswa na chakula fulani, au wasiwasi, au usingizi mbovu, unakunja uso. Nilitarajia jina la kutisha zaidi. Miaka yote hii nateseka, kumbe ni hasira tu.

Dawa hakuandika. Amesema nianze na njia za kawaida. Nile kidogo kidogo, kwa saa zilezile. Nitafune polepole. Vyakula ninavyovishuku niviondoe kimoja kimoja, siyo vyote kwa mpigo. Nyuzinyuzi laini, kama za shayiri na karoti, niziongeze taratibu. Chai ya mnanaa. Matembezi ya jioni. Kulala mapema. Neno "taratibu" alilirudia mpaka nikamwona mvivu. Mwisho akaongeza kwamba damu chooni, kukonda bila sababu, au tumbo kumwamsha mtu usingizini, hizo ni habari nyingine kabisa, na mtu asikae nazo nyumbani. Nikamjibu kwamba mimi sina hata moja. Nimefaulu mtihani!

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa kwenye cherehani, anashona mapazia ya watu. Akasema pole. Akasema hata yeye tumbo lake siku hizi. Sikumwacha amalize, maana nilikuwa nimefika kwenye nyuzinyuzi.

Jumanne, 4 Machi

Wali mweupe, karoti. Tumbo: linanung'unika.

Kazini, idara ya maji, dirisha la malalamiko. Watu wanakuja kusema mita inazunguka ilhali bomba limekauka. Mimi nasema tutalishughulikia. Wao wanasema tulisema hivyo mwezi jana. Kazi ya namna hii si ya mtu mwenye utumbo wa hasira.

Choo cha wafanyakazi ni kimoja, na mlango wake unafungwa kwa ufunguo tangu sabuni ilipoibwa. Ufunguo anao mtunza stoo. Anaufunga kwenye mkanda wa suruali pamoja na nyingine zote za jengo, akitembea analia kama ng'ombe mwenye kengele. Tunamwita Bwana Funguo. Ukienda kuomba, anauliza kwa sauti, mbele ya kila mtu, kama ni haja ndogo au kubwa. Eti kubwa ina ndoo. Maji chooni hayatoki. Ofisi ya maji!

Nafasi ya msimamizi wa madirisha iko wazi. Mimi ndiye mkongwe. Bwana Funguo anaitaka pia. Mtu anayejua saa za haja zangu zote hawezi kuwa bosi wangu. Haitatokea.

Nina mpango. Unahitaji kipande cha sabuni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua kutofuata taratibu. Taratibu ni za watu wenye muda. Leo nimeondoa kwa mpigo vitunguu, maharage, kabichi, maziwa, nyama ya mafuta, sukari, pilipili na vitu vya kukaanga. Nimeongeza pumba za ngano, vijiko vinne vilivyojaa, asubuhi na jioni. Daktari alisema shayiri, lakini pumba ni ngumu zaidi, kwa hiyo zina nguvu zaidi. Yeyote anaona hivyo.

Nyumba nzima inafuata utaratibu. Nyumba nzima ni mimi na mke wangu, binti yetu yuko chuoni mbali. Mke wangu hakubisha. Alikula vijiko vitatu vya wali akasukuma sahani, akasema ameshiba. Nikamsifu. Ana nidhamu kuliko nilivyodhani.

Tumbo jioni: limevimba kama godoro lililonyeshewa. Nimelala chali. Mke wangu akauliza kama pumba si nyingi mno. Nikamwambia utumbo unatakiwa ushangazwe kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya fedheha.

Bwana Funguo anapokunywa chai huvua mkanda, maana tumbo lake nalo ni kubwa. Jana nilikandamiza ufunguo wa choo kwenye sabuni ya kufulia. Fundi wa funguo pale kona alicheka, lakini alinichongea. Leo saa tano pumba zikatoa amri. Nikatembea kwa heshima zote, bila kuomba mtu, nikaingia. Nikajifungia. Raha ya uhuru!

Wakati wa kutoka ufunguo ukavunjikia ndani ya tundu.

Nilikaa nikitumaini jengo litahama. Kisha nikagonga. Alikuja Bwana Funguo na koleo, na nyuma yake nusu ya ofisi. Kabla hajaugusa mlango aliuliza kutoka nje, kwa sauti ya kazini, kama ilikuwa ndogo au kubwa.

Bosi amenipa onyo la mdomo. Ana huruma yule mama, lakini alikuwa anauma midomo.

Nyumbani nilitaka kusimulia, nikamkuta mke wangu amelala juu ya kochi, taa ya cherehani inawaka, pazia la mteja limeanguka chini. Saa kumi na mbili jioni! Nikajipikia wali mwenyewe. Ukaungua.

Jumapili, 9 Machi

Uji wa pumba. Tumbo: vita.

Nimegundua jambo la kuudhi. Mke wangu ananiiga. Kila ninapoamka usiku kwenda msalani, nakuta mlango umefungwa, yeye yumo. Nagonga, anasema subiri. Nasubiri kwenye korido nimejikunja kama mkasi. Mgonjwa ni nani humu ndani? Leo asubuhi nimemuuliza kwa upole kama hawezi kwenda mapema kabla ya kulala, kama watu wengine. Akasema tumbo ndilo linalomwamsha. Nikamwambia mawazo ya ugonjwa huambukizwa kwa kusikia, na nitajitahidi nisizungumzie sana langu mbele yake.

Nilijitahidi mpaka saa tatu.

Jambo jema: amekuwa mwembamba. Mchana nilimkuta anapunguza magauni yake kiunoni. La bluu, la maua, na lile la harusi ya mpwa wake. Nikamwambia unaona? Utaratibu wangu umekuwa na faida kwako kuliko kwangu, na hujashukuru. Aliendelea kukanyaga cherehani.

Jumanne, 11 Machi

Karoti, wali, pumba. Tumbo: mashaka.

Asubuhi, navaa viatu, mke wangu akasimama mlangoni akaniomba tufuatane hospitali siku ya Ijumaa. Nikauliza kuna nini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba anaona damu chooni.

Nilicheka. Nililazimika. Tangu Jumamosi nampa juisi ya bitiruti, glasi kubwa, kwa ajili ya nguvu. Kila mtu anajua bitiruti hutoka nyekundu kama ilivyoingia. Nikamweleza. Akasema damu ilianza zamani, kabla ya bitiruti. Nikamwambia mtu akishaingiwa na hofu huona nyuma mambo ambayo hayakuwepo. Na hospitali tukienda watatupanga foleni tangu alfajiri, watupe vidonge, vidonge vitachokoza utumbo. Ajaribu kwanza mnanaa wiki mbili, kwa utulivu. Mimi nimesoma mambo haya, yeye hajasoma.

Akanifungia mlango.

Ijumaa nina shughuli kubwa ofisini, vilevile.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeanza klabu! Nimeona njia pekee ya kufuta habari ya ufunguo ni kuigeuza aibu iwe hadhi. Mtu anayejifungia chooni ni kichekesho. Mtaalamu wa tumbo anayejifungia chooni yuko kazini.

Mchana nikawakusanya wenzangu chumba cha chai. Wakaja wote, wakidhani kuna keki. Nikawaeleza utumbo ni nini, hasira yake, mnanaa, kutafuna, kupumua kwa tumbo mikono ikiwa kitovuni. Dada wa mapokezi akaniambia anavutiwa. Mhasibu aliandika. Nikafika kwenye ile sehemu ya damu na kukonda na kuamka usiku, nikaona nyuso zinabadilika, mmoja akaweka kijiko chini. Nikairuka. Mwalimu mzuri anajua cha kuacha.

Kisha nikawagawia pumba, kila mtu vijiko vinne kwenye kikombe cha maji. Bosi pia. Hata Bwana Funguo, mkongwe wa kutoamini, alikunywa kwa kunikomoa, akaomba cha pili.

Saa nane na nusu dirisha la kwanza likafungwa. Saa tisa yalikuwa yamefungwa yote. Nje wateja wanagonga vioo, ndani wafanyakazi wa idara ya maji wamepanga mstari kwenye korido, ndoo moja, bomba kavu, na Bwana Funguo mwenyewe amejifungia na funguo zote ziko naye. Mhasibu alilia. Bosi alitoka mbiombio kwenda ofisi za jirani, akiwa na mkoba wake na heshima kidogo iliyobaki.

Kitaalamu, dawa ilifanya kazi.

Nyumbani nikakuta giza. Mke wangu yuko kitandani na nguo za kutokea. Alikuwa amevaa tangu asubuhi. Alisema alidhani labda ningebadili mawazo.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi akaja shemeji, dada mkubwa wa mke wangu. Anashona sare za shule, ana mdomo kama sindano, na hajawahi kunipenda. Alikuja kuchukua uzi. Mke wangu alikuwa kwenye kochi, pazia mapajani, hajaligusa. Shemeji akamtazama. Hakumsalimia hata. Akaniuliza mara ya mwisho alikula nini. Nikaanza kumweleza utaratibu, tulivyoondoa vitunguu, maharage. Akamwinua dada yake, akashika gauni la bluu pale kiunoni, kitambaa kikajaa ngumi yake.

"Shemeji, huyu mtu umemtazama lini mara ya mwisho?"

Nikamjibu kwamba namwona kila siku.

"Sikuuliza kuona," akasema.

Akaenda kutafuta gari. Mke wangu akavaa viatu peke yake, akikaa kupumzika kati ya cha kwanza na cha pili. Nilitaka kwenda nao, kweli. Lakini bosi alikuwa ameniita saa tatu kamili kwa ajili ya pumba, na mtu akiitwa kwa nidhamu asipofika huonekana ana hatia. Nikawaambia nitawafuata. Mke wangu akasema sawa. Alisema kama mtu anayemjibu mgeni.

Bosi hakuuma midomo safari hii. Nimehamishiwa masjala, chumba cha nyuma, mafaili ya mita zilizokufa. Msimamizi wa madirisha ni Bwana Funguo. Na funguo amebaki nazo.

Shemeji amepiga simu jioni. Wamemlaza. Amepungukiwa damu sana, wanamwongezea. Akakata kabla sijauliza ni wodi gani.

Jumanne, 18 Machi

Sijala. Tumbo: linawaka.

Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mke wangu ana sindano mkononi na mfuko wa damu juu yake. Shuka likimfunika hakuna kinachoinuka, kama kitanda kimetandikwa tu. Sijui kwa nini sikuliona hilo nyumbani. Labda ni taa zao.

Daktari wa upasuaji ni mama wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Akanigeukia mimi, mume. Akauliza choo kimebadilika tangu lini. Nikamweleza kwamba chembamba asubuhi, kigumu baada ya wali, na siku za pumba ni mshangao. Alikuwa anaandika. Akaacha.

"Bwana, nimeuliza habari za mkeo."

Akauliza amekonda kiasi gani. Anaamka usiku mara ngapi. Damu ni nyekundu au nyeusi. Nilimtazama mke wangu anisaidie, kama anavyonisaidia nikisahau siku ya kuzaliwa ya binti. Akajibu mwenyewe, akitazama dari. Tangu Novemba. Nyekundu, halafu nyeusi. Kila usiku.

Novemba. Novemba mimi nilikuwa kwenye tangawizi.

Swali lile la kuamka usiku nimewahi kulisikia mahali. Sikumbuki ni wapi.

Watampiga picha za ndani kesho. Nikamuuliza daktari kama chai ya mnanaa inaruhusiwa wakati huu. Shemeji akatoka nje ya wodi.

Alhamisi, 20 Machi

Wamempasua leo. Ni uvimbe, kwenye utumbo mpana, umeshaanza kuziba njia. Walisema hawawezi kungoja.

Tulikaa kwenye benchi la korido, mimi na shemeji, katikati yetu mkoba wake. Mtu mmoja akaja kukaa upande wangu, ana chupa ya chai, mama yake yuko ndani pia. Alikuwa anajishika tumbo. Nikamuuliza. Akasema akiwa na wasiwasi humkata hapa chini. Nikamwambia ana bahati amekaa na mimi. Nikamfundisha kupumua mikono ikiwa kitovuni, tukapumua pamoja. Nikamweleza habari ya maharage. Lazima mtu afanye kitu anapongoja. Shemeji akachukua mkoba akahamia benchi la mbele.

Daktari akatoka kofia ingali kichwani. Wamekata kipande. Wamemtobolea njia pembeni ya tumbo, choo kitatokea kwenye mfuko kwa sasa. Wametuma kipande kipimwe. Nikauliza, kwa sababu wazo hilo lilikuwa nami tangu asubuhi, kama ni zile pumba. Akasema hapana, pumba hazileti uvimbe. Nikapumua.

"Uvimbe hukuuleta wewe," shemeji akasema, mbele ya daktari. "Kuchelewa ndiko ulikokuleta."

Tumbo lilikuwa linauma kwelikweli, na hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 23 Machi

Mkate mkavu. Chai. Mkate mkavu.

Nyumba ina sauti nyingine. Jokofu, kumbe, linanguruma siku nzima. Nilikuwa silisikii kwa sababu ya cherehani.

Mteja wa mapazia amekuja. Mwanamke mpole, anahama nyumba kesho. Nikamwambia aje jioni, yatakuwa tayari. Sikutaka asikie habari. Sikutaka mtu yeyote aseme pole halafu nijue ni kweli.

Nilikaa kwenye kile kiti cha cherehani. Kina mto alioshona mwenyewe, katikati umebonyea kwa umbo lake, na kuna uzi wa bluu umeachwa kwenye sindano. Nikakanyaga. Cherehani kilikimbia kama mbwa aliyefunguliwa. Nikashona upindo, ukaenda kushoto, nikaurudisha, ukaenda kulia. Mwishowe nilitaka kuinuka nikashindwa. Nilikuwa nimeshona mkono wa shati langu pamoja na pazia.

Nikakaa hapo. Nilijikuta nalia, na kwa kuwa mkono mmoja umefungwa nilijifutia pazia la watu.

Mteja alipokuja alinitoa kwa kukata mkono wa shati, kwa mkasi wa mke wangu. Aliyachukua mapazia yalivyo. Alisema yanapendeza. Watu wana uongo mzuri wakati mwingine.

Tumbo: sikuandika. Nilisahau.

Alhamisi, 27 Machi

Majibu yametoka. Ni saratani. Imegusa na tezi za karibu. Ataanza dawa za kutundikiwa mshipani kidonda kikipona, na zitaendelea kwa miezi. Daktari alisema kuna watu wengi wanaopona wakifika mapema. Kisha akatazama karatasi zake. Hakusema tumefika lini.

Anaruhusiwa kesho. Nilikuwa nimeandaa chumba, nimefagia, nimepanga dirishani chupa za mnanaa, shamari na tangawizi. Mke wangu akasema anakwenda kwa dada yake.

Nikamwambia nyumbani ni nyumbani, mimi mumewe nipo, na hakuna anayejua mambo ya utumbo kuliko mimi. Akanigeukia polepole, maana mshono unamvuta.

"Nilikuambia damu. Ukaniambia bitiruti."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kujibu, nina uzoefu wa dirishani. Alisema kama anavyotaja urefu wa dirisha la mtu, ili ukate kitambaa.

Nikasema nilikuwa namaanisha mema. Akasema anajua. Akafumba macho. Nesi akaja akaniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha, nami nilikuwa naona kwenye saa ya ukutani kwamba haujaisha.

Binti amepiga simu kutoka chuoni. Anakuja. Ameuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Nikamwambia nilikuwa na mambo mengi. 

Jumapili, 30 Machi

Wali, karoti za kuchemsha, kipande kidogo cha samaki. Nimetafuna polepole.

Nimeruhusiwa kumtembelea kwa shemeji, mchana. Nilibeba chupa tatu na mfuko wa shayiri. Shemeji alinipokea mlangoni, akazitwaa zote, akaziweka nje juu ya ngazi, karibu na viatu vyangu. Akaniambia niingie mikono mitupu.

Chumba ni kidogo, kina harufu ya dawa na pasi. Mke wangu amekaa ameegemea mito. Binti alikuwa anamsaidia kubadilisha mfuko, akanipa mgongo mpaka akamaliza, kisha akatoka na beseni bila kunisalimia. Nikafungua mdomo kueleza kuhusu shayiri. Mke wangu akainua kiganja.

"Usinieleze kitu leo. Kaa hapo, nishike mkono, nilale."

Nikakaa. Nikamshika. Mkono wake umekuwa mwepesi, pete imehamia kidole gumba. Nilitaka kusema mambo mengi. Nilikuwa na sentensi nzuri kabisa kuhusu shamari. Nikazimeza zote. Alilala haraka, mdomo wazi kidogo. Kuna vidoti vya sindano kwenye ncha za vidole vyake vya kushoto, vya miaka yote ile ya mapazia, sikuwahi kuviona. Nje shemeji alikuwa anapiga pasi sare. Jua likatambaa kutoka miguuni mwa kitanda mpaka kwenye magoti.

Hapo ndipo nikagundua jambo. Tumbo langu limenyamaza. Si kununa, si kunung'unika. Kimya kabisa, tangu nilipokaa! Hakuna gesi, hakuna kukata, hakuna godoro. Nikajibonyeza kushoto, nikajibonyeza kulia. Laini kama la mtoto mchanga. Pumba hazikufanya hivi. Mnanaa haukufanya hivi. Yule daktari kijana, na taratibu zake zote, hakuwahi hata kulitaja. Mkono wa mgonjwa aliyelala, ushikwe mchana baada ya mlo mwepesi! Kumbe dawa ilikuwa ndani ya nyumba miaka yote.

Habari kubwa kama hii mtu hawezi kukaa nayo peke yake. Nikamtikisa bega, polepole, nikamwamsha nimweleze.